BARAZA LA MWALIMU: Bingwa Aliyeutaja Ugonjwa Wake

 

Mwezi uliopita, katika darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, tuliwapa wanafunzi wakubwa insha yenye kichwa "Mtu Ninayemheshimu". Kama ilivyo ada, wengi waliandika juu ya bibi na babu zao, wawili wakaandika juu ya wachezaji wa mpira, na mmoja juu ya dereva wa basi la shule. Binti mmoja, ambaye wazazi wake waliishi Ireland miaka kadhaa kabla ya kuhamia huku Uingereza, alisimama akasoma insha juu ya mpanda farasi wa nchi ile aitwaye Pat Smullen. Hajamaliza ukurasa wa kwanza, wazee waliokuja kuwachukua watoto wao wakaanza kunong'ona kule nyuma, na mmoja wao akasema kwa sauti, "Mwalimu, siku hizi mwawafundisha watoto kamari?"

Swali lilikuwa la haki, nasi tulimjibu kwa heshima yake. Hakuna kati yetu asiyeyajua maduka ya kamari yaliyojaa katika mitaa ya nchi hii, wala asiyejua nyumba iliyoharibika kwa sababu yake. Lakini mbio za farasi zenyewe si jambo geni kwetu. Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi huko Madina, na wanazuoni wameieleza habari hiyo kwa urefu. Kilichoharamishwa ni dau linalowekwa na watazamaji, nasi hatuna neno la kulitetea. Ama insha ya binti yule haikuhusu dau. Ilihusu kazi ya mtu, kisha ugonjwa wake, na tulipoisikia hadi mwisho tuliingiwa na haya kwa sababu tutakayoieleza. Kwanza tumsimulie mtu mwenyewe, kama alivyosimuliwa na mwanafunzi wetu, pamoja na yale tuliyoyaongeza baada ya kujisomea.

Smullen alizaliwa mwaka 1977 katika kijiji cha Rhode, jimbo la Offaly, katikati ya Ireland. Hakutoka katika ukoo wa wenye mazizi makubwa. Alianza akiwa kijana mdogo katika zizi la mkufunzi wa farasi aitwaye Tom Lacy, na huko akawa mwanagenzi kama wanagenzi wa kazi yoyote: kuamka alfajiri na mapema, kuzoa mavi, kubadilisha nyasi za kulalia, kulisha, kunywesha, kupiga brashi, kisha, akiruhusiwa, kupanda. Juni 1993, akiwa na umri wa miaka 16, alishinda kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Dundalk, juu ya farasi aitwaye Vicosa.

Yafaa msomaji aujue utaratibu wa mbio hizi, maana bila kuujua hataona ugumu wake. Twazungumzia mbio za uwanja mtupu, ambazo hazina viunzi vya kuruka. Kila farasi hupangiwa uzito wa kubeba, na uzito huo ni wa mpanda farasi pamoja na tandiko lake. Kabla ya mbio mpanda farasi husimama juu ya mizani akiwa amelikumbatia tandiko. Akishinda hurudi kwenye mizani ile ile, na akionekana amerudi mwepesi kuliko inavyoruhusiwa, hunyang'anywa ushindi wake hata kama dunia nzima ilimwona akitangulia. Mwanagenzi hupunguziwa ratli kadhaa ili wenye farasi wapate kumwajiri, lakini kadiri idadi ya ushindi wake inavyoongezeka punguzo hilo hukatwa hatua kwa hatua, mpaka siku moja likaisha kabisa na akalazimika kushindana na wakubwa kwa uzito ule ule. Hapo ndipo wengi huzimika. Smullen alikuwa bingwa wa wanagenzi wa Ireland mwaka 1995, akarudia mwaka 1996, na punguzo lilipokwisha hakuzimika.

Mwaka 1999 aliteuliwa kuwa mpanda farasi mkuu wa zizi la Dermot Weld, lililoko Curragh. Hiyo Curragh ni uwanda mpana wa majani katika jimbo la Kildare, ambako kondoo hulisha huru na farasi hufanyishwa mazoezi kila asubuhi. Weld alisomea udaktari wa mifugo, na alikwisha kujulikana hata Australia, kwani mwaka 1993 farasi wake Vintage Crop alikuwa wa kwanza kutoka nusu ya kaskazini ya dunia kushinda Kombe la Melbourne. Kupewa nafasi kwa mkufunzi wa namna ile, kwa kijana wa miaka 21 au 22, ni kama mwalimu mpya kukabidhiwa darasa la mtihani. Smullen aliishika kazi ile karibu miaka 20 bila kuhama. Katika mchezo ambao wapanda farasi huachishwa kazi kwa mbio moja mbaya, jambo hilo peke yake latosha kumtambulisha mtu.

Alikuwa bingwa wa Ireland kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Hadi anaacha kazi alikuwa ameutwaa ubingwa huo mara 9: mwaka 2000, 2001, 2005, 2007, 2008, 2010, 2014, 2015 na 2016. Mwanafunzi wetu aliiandika miaka hiyo ubaoni, kisha akatuomba tuitazame mapengo yake. Alisema, na tunanukuu maneno ya mtoto, "Kila mtu ahesabu ile aliyoshinda. Mimi nahesabu ile aliyokosa." Na kweli, ukitazama utaona kwamba taji lilimtoka baada ya mwaka 2001 likarudi baada ya miaka minne, na likamtoka tena baada ya 2010, likarudi akiwa na umri wa miaka 37, akalishika miaka mitatu mfululizo. Huo si umri wa kupanda kwa urahisi. Bingwa hapimwi kwa mbio moja, bali kwa jumla ya ushindi wa msimu mzima, wenye mvua na tope, katika viwanja vidogo vya mikoani vyenye watazamaji wachache. Kwa hesabu hiyo alishinda zaidi ya mara 1,800 nchini mwake.

Mbio kubwa nazo hakuzikosa. Mwaka 2003 alishinda mbio za 2000 Guineas huko Newmarket kwa farasi Refuse to Bend. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2004 alimpanda farasi mmoja, Vinnie Roe, na kushinda naye St Leger ya Ireland mara nne mfululizo. Mwaka 2004 alishinda Derby ya Ireland kwa Grey Swallow, na mwaka 2010 alishinda Kombe la Dhahabu la Ascot, mbio ndefu za takriban mita 4,000, kwa Rite of Passage.

Lakini siku iliyomjulisha kwa watu wote ni tarehe 4 Juni 2016, siku ya Derby ya Epsom, hapa Uingereza. Derby hiyo ilianza mwaka 1780, na kila farasi wa mbio aliyezaliwa dume huota ndoto hiyo kwa niaba ya mwenyewe. Farasi wa Smullen aliitwa Harzand, mali ya Aga Khan, jina ambalo wasomaji wetu waliozaliwa au kutibiwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa. Mtukufu huyo, aliyefariki Februari 2025, alikuwa amekwisha kushinda Derby mara nne kabla ya siku ile. Harzand alipofika Epsom ilionekana kwamba kiatu chake kimoja kimetoka mahali pake na kwato imeumia. Walimtia barafu guuni tena na tena, na hadi mchana ule haikujulikana kama angekimbia. Hatimaye aliruhusiwa. Kila farasi dume alibeba stoni 9, yaani kama kilo 57, kwa mwendo wa mita 2,400 hivi, kupanda kilima kwanza, kisha kuteremka kwa kasi huku njia ikipinda kushoto. Katika mwisho wa mbio alisogezwa na farasi mwingine wa Ireland, US Army Ranger, wakawa bega kwa bega, na waliokuwa wakitazama wakadhani Harzand amekwisha. Smullen hakupapatika. Farasi akajibu, akashinda kwa urefu wa mwili mmoja na nusu. Ilikuwa Derby ya kwanza kwa Smullen na ya kwanza kwa mkufunzi wake Weld, baada ya miaka yao yote ya kujaribu. Wiki tatu baadaye wakaishinda na ya Ireland.

Mwanafunzi wetu alipofika hapo, hata wale wazee wa nyuma walikuwa wamenyamaza. Mmoja alimwuliza kama farasi yule alipona mguu!

Kisha ikaja sehemu ya pili ya insha. Machi 2018, akiwa na umri wa miaka 40, ameoa na ana watoto watatu, Smullen aliambiwa na madaktari kwamba ana saratani ya kongosho. Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, chenye kazi ya kutoa maji ya kusagia chakula na kuiongoza sukari mwilini. Kwa kuwa kimejificha, ugonjwa wake nao hujificha: mara nyingi dalili hazionekani mpaka umekwisha kuenea. Dalili zenyewe ni kama kukonda bila sababu, maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, macho na ngozi kugeuka manjano, au kisukari kinachozuka ghafla kwa mtu mzima. Kila moja yaweza kuwa na sababu nyepesi, na ndiyo maana watu huipuuza. Fikirini, ndugu wasomaji, juu ya mtu aliyeishi maisha yake yote akipambana kuupunguza uzito wa mwili, kisha akaugua ugonjwa ambao kazi yake ni kuupunguza.

Smullen angeweza kujifungia ndani. Watu wangemheshimu, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliutaja ugonjwa kwa jina lake, hadharani. Alitibiwa kwa dawa kali, akafanyiwa upasuaji, akawaeleza waandishi wa habari hali yake bila kuipamba. Mei 2019 alitangaza kwamba hatapanda tena kama kazi. Hapo akaanza kazi nyingine. Aliona kwamba ugonjwa wake una utafiti mchache kuliko saratani nyingine nyingi, akaazimia kuchangisha fedha kwa ajili ya Cancer Trials Ireland, taasisi inayosimamia majaribio ya tiba za saratani nchini humo.

Tarehe 15 Septemba 2019, katika uwanja wa Curragh, zilifanyika mbio zilizopewa jina lake. Wapanda farasi 9, mabingwa waliokwisha kustaafu, walirudi juu ya matandiko kwa siku hiyo moja. Miongoni mwao walikuwamo Tony McCoy, aliyekuwa bingwa wa mbio za viunzi wa Uingereza mara 20 mfululizo, Ruby Walsh, Kieren Fallon, Johnny Murtagh na Joseph O'Brien. Watu waliokwisha kujiachia kula walilazimika kujinyima tena ili mizani iwakubali. Smullen mwenyewe alitamani kuwa mmoja wao, lakini ugonjwa ulikuwa umerudi na matibabu yameanza upya, akasimama kando akiwatazama wenzake. McCoy alishinda kwa farasi aitwaye Quizical. Fedha zilizopatikana zilizidi Yuro milioni 2.5.

Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, tarehe 15 Septemba 2020, Pat Smullen alifariki dunia katika hospitali mjini Dublin. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Binti alikunja karatasi yake akaketi. Nasi, ndugu wasomaji, tulikaa pale mbele ya darasa tukiwa hatuna la kusema kwa muda, na sababu yake ndiyo hii.

Wengi wenu mwamkumbuka mwenzetu tuliyemzika mwaka jana. Jina lake hatulitaji, kwa stara ya watu wake. Tulizoea kuswali naye safu moja, na baada ya swala ya Ijumaa kunywa naye kahawa. Kwa miezi mingi tulimwona akikonda. Kanzu iliyokuwa ikimjaa mabegani ikawa yaning'inia kama imetundikwa kwenye msumari. Siku moja tulimwuliza, akacheka, akatuambia kwamba ni funga za sunna, na kwamba sisi pia tungefunga tumbo letu lingepungua. Tulicheka naye, tukaagiza kahawa nyingine. Hatukumwuliza mara ya pili. Alipofariki, wanawe walikuta katika mfuko wa koti lake barua za hospitali, ya kwanza ikiwa na tarehe ya miezi 8 nyuma. Alikuwa akienda kuonana na madaktari peke yake, kwa mabasi mawili, na kurudi nyumbani kama mtu aliyetoka sokoni. Mkewe hakujua. Mwanawe mkubwa, aliyefanya kazi saa mbili tu kutoka pale, hakujua.

Hatumlaumu marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alitaka kuwapunguzia watu wake mzigo. Ila mzigo haukupungua. Ulikaa ukiwangojea, wakaubeba wote kwa siku moja, pamoja na swali ambalo hawana wa kumwuliza. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nasi methali hiyo tumeifundisha miaka mingi, tukiiandika ubaoni kwa chaki na kuwataka watoto watoe maana yake. Kumbe tulikuwa tukiwapa watoto alama kwa jambo ambalo sisi wenyewe hatujalifaulu.

Katika jamii yetu saratani haitajwi. Husemwa "ugonjwa ule", au "ile shida", na mwenye nayo hutazamwa kama amekwisha kuhukumiwa. Wengine huogopa jicho, wengine huogopa kwamba mabinti zao hawataposwa, wengine huona kwamba kutaja ni kulalamika mbele ya qadari. Sisi si wanazuoni, lakini twajua kwamba Mtume (S.A.W.) ameamrisha kutafuta dawa, na kuitafuta dawa huku umeuficha ugonjwa ni kazi ngumu mno. Aliyewaambia jamaa zake ana mtu wa kumsindikiza, wa kumkumbusha saa ya dawa, wa kumwombea dua kwa jina la maradhi yake.

Basi tunayo maombi matatu kwa wasomaji wetu. La kwanza, ukikonda bila kukusudia, au ukipata dalili yoyote kati ya hizo tulizozitaja, nenda kwa daktari, na ukitoka mwambie mmoja wa nyumba yako ulilolisikia. La pili, usimchukue mtoto wa shule akutafsirie kwa daktari. Mbele ya mtoto mzazi hatasema yote, na mtoto hatatafsiri yote. Hospitali za hapa Uingereza huweza kukuwekea mkalimani ukiomba mapema, na huna haja ya kuona aibu kumwomba. La tatu ni letu sisi wenye afya: tukimwona mwenzetu amebadilika, tumwulize. Akitucheka, tumwulize tena, tukiwa peke yetu naye, si barazani mbele ya vikombe.

Smullen hakuwa wa dini yetu wala wa kabila letu, na fedha za mchezo wake zina mambo tusiyoyaridhia. Hilo halituzuii kuukubali ukweli. Kwa karibu miaka 25, tangu siku ya Dundalk hadi alipougua, mtu huyu alizoea kusimama juu ya mizani mbele ya watu na kusomewa uzito wake kwa sauti. Ugonjwa ulipokuja hakuikimbia tabia hiyo.

Insha tuliipa alama 9 kati ya 10. Moja tuliipunguza kwa sababu binti aliandika "farasi limeshinda" mara mbili, na ngeli ni ngeli. Yule mzee aliyetuuliza juu ya kamari alitusubiri mlangoni mpaka watoto wote wakaondoka. Alituuliza kwa sauti ya chini kama tunajua namba ya simu ya zahanati iliyo karibu na soko. Tulimpa, na Jumatatu asubuhi tulikwenda naye.

Tunawaomba muendelee kumwombea dua marehemu wetu na watu wake. Wenye maswali juu ya wakalimani, au wasio na mtu wa kuwasindikiza hospitalini, waacheni jina lao kwa mama anayeshughulika na orodha ya darasa, nasi tutajitahidi. Toleo lijalo, inshallah, tutarejea kwenye ngeli, kama tulivyoahidi.

Wabillahi tawfiq.